Msituletee Mashine Nyingine, Tuleteeni Nesi wa Usiku

Kila inapokaribia tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, simu zetu hujaa picha moja. Mnaijua. Watu kumi au kumi na wawili wamesimama mbele ya wodi, fulana za zambarau, bango refu lenye nembo ya kampuni, na katikati yao mashine mpya ambayo bado imevaa plastiki yake. Kama kuna mfano wa hundi, ukubwa wake ni kama mlango. Pembeni kabisa, nusu ya mwili ikiwa imekatwa na ukingo wa picha, yupo muuguzi mwenye sare aliyeitwa kwa dakika mbili kutoka ndani.

Nina ugomvi na picha hiyo. Waliomo sina ugomvi nao. Wengi wametoa fedha zao wakati wangeweza kukaa kimya, na zipo mashine zilizotolewa namna hiyo ambazo zimeokoa watoto. Ninachogombana nacho ni hadithi ambayo picha inatufundisha mwaka baada ya mwaka, kwamba mtoto njiti wa Tanzania anakufa kwa kukosa mashine. Mimi nasema anakufa zaidi kwa kukosa mtu wa kumwangalia saa tisa usiku. Na kwa kuwa mtu huyo hafungwi utepe wala hakabidhiwi mbele ya kamera, tunaendelea kukabidhi mashine.

Twende kwenye hesabu kwanza. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa mifumo ya afya hapa Morogoro, na siku moja mwalimu alizipitisha namba hizi ukutani kwa dakika tatu hivi kisha akaenda kwenye mada nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2004/05 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ukakuta 43. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hajui kazi iliyofanywa na chanjo, vyandarua na wahudumu wa vijijini. Vifo vya akina mama, ambavyo utafiti wa 2015/16 uliviweka kwenye 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilikuwa 104 mwaka 2022. Sasa tazama watoto wasiotimiza mwezi mmoja: 32 katika kila 1,000 mwaka 2004/05, 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16, 24 mwaka 2022. Kwa miaka kumi na miwili tumeshusha vifo viwili. Katika wale 43 wa mwaka 2022, 24 walikufa kabla ya mwezi kwisha, yaani zaidi ya nusu.

Na miaka hiyo kumi na miwili ndiyo miaka ya zile picha.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, analima kabichi na njegere huko Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Mtu wa Dar es Salaam anayekula kabichi zile hana haja ya kujua kwamba zinatoka kwenye matuta yaliyo juu ya mita 1,500, ambako usiku wa Juni unalala na blanketi mbili na bado unakunja miguu. Mwenye kuhitaji kujua ni yule anayepanga huduma ya watoto wachanga, kwa sababu mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi. Anapoteza joto kama chai iliyomwagwa kwenye sahani.

Masika ya mwaka juzi uchungu ulimshika dada mimba ikiwa na wiki 32. Alijifungulia zahanati, mtoto wa kike, kilo 1.6. Nesi wa zahanati, aliyekuwa peke yake zamu nzima, alifanya yote aliyofundishwa: alimkausha mtoto, akamvisha kofia ya sufu, akamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga mbili, akaanza kutafuta gari. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshateremka na mama mwingine. Mvua ilikuwa imekula barabara. Wakashuka kwa bodaboda mpaka pale magari yalipokuwa yanapita, wakasubiri Noah, ndipo wakafika Sangasanga kwenye lami. Kuanzia zahanati mpaka hospitali ilikuwa saa tano na zaidi. Hiyo treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam, tangu Juni 2024, inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, na mimi huipanda na kuifurahia kama mtu mwingine yeyote. Nataka tu uziweke safari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Mtoto alifika akiwa na joto la nyuzi 34, wakati kawaida haitakiwi kushuka chini ya 36.5. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu ukibadilisha jina lake ukaweka la hospitali nyingine kumi hadithi haibadiliki. Alilazwa kwenye mashine ya joto pamoja na wengine wawili. Siku ya kwanza alipata joto. Siku ya pili alianza kupokea maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba wa puani, mililita chache chache. Usiku wa tatu, kwenye saa tisa, akasahau kupumua.

Nimetumia neno hilo makusudi. Njiti husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi haijakomaa, basi kifua kinasimama sekunde ishirini, thelathini, mapigo ya moyo yanashuka, midomo inabadilika rangi. Mara nyingi tiba ya kwanza ni kumsugua mgongo au kumpapasa unyayo, na anakumbuka. Kidole kimoja, kikifika kwa wakati. Usiku ule nesi alikuwa mmoja na alikuwa upande wa pili wa chumba, akimpulizia hewa mtoto mwingine. Alipogeuka, binti yetu alikuwa amekwisha.

Mashine ilikuwepo. Ubavuni ilikuwa na kibandiko cha aliyeitoa.

Hakuwekewa matanga. Kwetu mtoto wa siku tatu alizikwa na wanawake wachache asubuhi, na mama yake akaambiwa ajikaze, atapata mwingine. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama, kwa hiyo yule aliyezikwa bila matanga ndiye ambaye ukoo ungepitia kwake; bibi alilisema hilo mara moja tu jikoni, halafu akaendelea kupembua mchele. Nilipomwambia dada kwamba nitaandika, jibu lake lilikuwa hili: "Mdogo wangu, andika, lakini yule nesi usimseme. Alikuwa anakimbia."

Simsemi. Nawasema waliompangia akimbie.

Turudi kwenye mashine, maana huenda kuna msomaji anayedhani naichukia teknolojia. Tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais wa Marekani, John F. Kennedy, alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na kitu kabla ya wakati, kilo 2.1. Kwa uzito huo, kwenye wodi zetu za njiti angekuwa mmoja wa wakubwa. Mapafu yake hayakuwa na ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi. Walimkimbiza Boston, wakamweka kwenye chumba cha oksijeni ya shinikizo kubwa, na baba yake angeweza kununua chochote kilichokuwa kinauzwa duniani. Alikufa baada ya saa 39. Hakukuwa na la kununua. Mwaka 1971 huko San Francisco daktari George Gregory na wenzake walichapisha njia ya kuyaacha mapafu hayo wazi kwa kuyasukumia hewa yenye shinikizo dogo bila kukatika. Katika watoto 20 waliotibiwa, 16 waliishi.

Toleo rahisi la njia hiyo wauguzi wetu wanaliita sipapu. Hewa yenye oksijeni inaingia puani kwa mtoto kupitia vijimpira viwili, na mpira wa kutolea hewa unatumbukizwa kwenye chupa ya maji. Kina cha mpira ndani ya maji, sentimita tano, sita, saba, ndicho kipimo cha shinikizo. Maji yakitoa mapovu, inafanya kazi. Ukiiona kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Ni kama mchezo wa mtoto na mrija wa soda. Alichokosa mtoto wa Kennedy leo kinakaa kwenye meza ya wodi ya wilaya.

Lakini mapovu yanataka macho. Vijimpira vinachomoka puani mtoto akijigeuza. Pua inachubuka. Maji yanapungua kwenye chupa. Tumbo linajaa hewa na lazima litolewe. Oksijeni ikizidi inaharibu mishipa ya macho ambayo bado haijamaliza kuota. Stevie Wonder, aliyezaliwa Mei 1950 kabla ya wakati, alipoteza uwezo wa kuona namna hiyo, pamoja na maelfu ya watoto wa kizazi chake katika nchi tajiri, mpaka madaktari walipogundua kwamba dawa yao wenyewe ndiyo iliyokuwa inapofusha. Kwa hiyo ukinikabidhi mashine ya kuzalisha oksijeni bila mtu wa kupima kiasi cha oksijeni kwenye damu, umenikabidhi nusu ya tiba na nusu ya hatari.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua uko kwa jirani zetu wa Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, watafiti walijaribu sipapu ya bei nafuu kwa watoto wachanga wenye shida ya kupumua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: walioipata waliishi kwa asilimia 71, waliopata oksijeni ya kawaida kwa asilimia 44. Ni hospitali ya rufaa yenye madaktari bingwa wa watoto. Miaka mitano baadaye yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine, Hospitali ya Wilaya ya Salima, humo humo Malawi. Hao walikuwa watoto wakubwa kidogo, wa mwezi mmoja hadi miaka mitano, wenye nimonia kali, kwa hiyo huwezi kulinganisha moja kwa moja. Ila wodi yao haikuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Waliowekwa kwenye sipapu walikufa asilimia 17. Waliopewa oksijeni ya kawaida, asilimia 11. Teknolojia ile ile, na safari hii waliopewa ndio waliokufa zaidi. Siku hizi nikiona utepe unakatwa, Salima ndiyo inayonijia kichwani.

Halafu kuna makaburi ya vifaa. Mwaka 2011 Perry na Malkin, watafiti wa Marekani, walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka hospitali za nchi maskini na kukuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Pita nyuma ya hospitali yoyote kubwa utayaona: chini ya mwembe, mashine zilizokosa fyuzi, zilizokosa kipuri, zilizoungua umeme uliporudi kwa nguvu. Mkoa huu una Kidatu na una Kihansi. Maji yake yamewasha taa za nchi kwa miongo. Bado ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukuta sisi pia, na fundi mmoja wa vifaa tiba aliniambia kwamba wafadhili huuliza mashine ina dhamana ya miaka mingapi, hawaulizi kama kuna anayelipwa kuitengeneza.

Sasa fanya hesabu ya usiku. Chukua wodi yenye watoto 20, muuguzi mmoja, zamu ya saa kumi na mbili. Watoto hawa wanakula kila baada ya saa tatu, kwa hiyo ndani ya zamu kila mmoja atalishwa mara nne. Ni milisho 80. Nusu yao tuwaachie mama zao wanaoweza kulisha kwa kikombe. Inabaki 40 ya mpira, na kila mmoja anataka dakika kumi ukifanya kwa uangalifu: kuhakikisha mpira upo tumboni na si kwenye mapafu, kupima maziwa, kuyaacha yashuke taratibu. Dakika 400. Zamu nzima ina dakika 720. Katika 320 zilizobaki, gawanya kwa watoto 20: kila mtoto dakika 16 za usiku mzima, za joto, za pumzi, za sindano, za nepi, za kuandika faili, na hapo hajaenda chooni, hajapokea mtoto mpya aliyeletwa kutoka chumba cha upasuaji, na hajamkimbilia yule aliyesahau kupumua. Uingereza viwango vyao vinataka muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja aliye mahututi, na mmoja kwa wanne walio nafuu kabisa. Sidai Uingereza. Nadai wawili badala ya mmoja, na hapo hesabu inaanza kuingia akilini.

"Wauguzi hawapo," nitaambiwa. Wapo. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari ana stashahada ya uuguzi na leseni. Anauza laini za simu pale Msamvu, karibu na mabasi. Kila zinapotangazwa ajira za afya anaomba, anasubiri, anarudi kwenye mwavuli wake. Nchi iliyomsomesha imempa mwavuli wa kampuni ya simu, na kilomita chache kutoka hapo kuna wodi yenye nesi mmoja usiku.

Kuna tiba moja ya njiti ambayo haina kampuni nyuma yake, na nadhani ndiyo maana hatuioni kwenye hafla. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Kolombia, hospitali ya uzazi ilikosa mashine za kutosha na watoto walikuwa wanaambukizana kwa kulazwa wengi pamoja. Madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez wakaanza kuwafunga watoto vifuani kwa mama zao. Sisi tunaiita huduma ya mama kangaruu. Kwa miaka mingi ilionekana tiba ya maskini, ya kungojea mpaka mtoto atulie kwanza ndani ya mashine. Kisha Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8: wengine wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia, wengine wakaanza kwenye mashine kama kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliokaa kifuani walikufa asilimia 12, wengine, 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa halali tena kuwanyima wengine kifua cha mama. Mwaka uliofuata Shirika likabadilisha mwongozo wake. Na Tanzania tulikuwa ndani ya jaribio hilo. Hatuwezi kusema tulisikia redioni.

Nesi wa zahanati ya Mgeta, kwa kanga zake mbili, alikuwa anafuata mwongozo mpya wa dunia. Hospitali ndiyo iliyomtoa mtoto kifuani.

Iliwalazimu. Kifua cha mama kinataka kitanda cha mama, ndani ya wodi ya watoto mahututi, usiku na mchana. Nilichokiona mimi ni mama waliotoka kujifungua juzi, wengine kwa upasuaji, wanalala kwenye mkeka katika chumba kingine, wanaitwa kila saa tatu kama wageni, wanakamua maziwa wakiwa wamesimama, wanaondoka. Chakula ni cha ndugu atakayekileta. Dada yangu ndugu zake wako Mgeta. Siku ya pili alikunywa uji aliogawiwa na mama wa Kinole ambaye hakumjua. Maziwa ya mwanamke mwenye njaa na hofu hayatoki, kisha anaandikwa kwenye faili kwamba maziwa yake ni machache.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na sasa mfanyakazi anayejifungua njiti anaongezewa likizo hadi mtoto afikie wiki 40 ambazo angezitimiza tumboni. Ni ushindi wa kweli, uliopiganiwa kwa miaka na watu kama Taasisi ya Doris Mollel, na ninaomba usinielewe vibaya: nami nikiajiriwa utanifaa. Lakini mwajiri wa dada yangu ni kabichi. Amechukua likizo kwa nani? Kila wiki anayokaa wodini mjini shamba linaota majani, mtoto mkubwa amelala kwa jirani, na nauli ya kurudi inaliwa. Wanaoondoka wodini kabla ya wakati, wale ambao faili linawaandika "ametoroka", wengi hawajatoroka chochote. Wamerudi kazini.

Najua hoja mbili zinazokuja. Ya kwanza ni ya watu wenye busara kuliko mimi: huduma ya mahututi kwa wachanga ni ghali, wengine wataishi na ulemavu, nchi yenye malaria na kifua kikuu isikimbilie anasa. Ningekubaliana nao kama ningekuwa naomba mashine za kupumulia kwa watoto wa wiki 24 huko Tchenzema. Siombi hizo. Duniani kote, zaidi ya asilimia 80 ya njiti huzaliwa kati ya wiki 32 na 37, na wengi wa hao wanataka joto, maziwa, mikono misafi, pumzi ya kusaidiwa kwa siku chache, na mtu wa kuwatazama. Binti yetu alikuwa wa wiki 32. Kumwita yeye anasa ni kukosea hesabu.

Ya pili inasemwa msibani, kwa sauti ya chini: kazi ya Mungu. Sibishani na anayejifariji. Mama mkubwa alisema hivyo na nilinyamaza. Ila mpanga bajeti anapoisema, nabishana. Mungu hapangi zamu za usiku.

Mwaka jana darasa letu lilianza mchango kwa ajili ya Novemba. Pendekezo kwenye kundi la WhatsApp lilikuwa mashine moja ya joto, tukaikabidhi tukiwa na fulana. Nikapinga. Nikasema fedha hizo hizo zinaweza kulisha mama wa wodi nzima kwa miezi, zikanunua viti vya kuegemea vya kukaa na mtoto kifuani, vipimajoto, kofia, na pampu za mkono za kukamulia maziwa. Mwenzetu mmoja, kijana mwerevu, akajibu: "Da'mdogo, uji hauna picha." Alikuwa anatania, na alikuwa anasema ukweli. Tulipiga kura, nikashindwa kwa kura nyingi. Mashine ilinunuliwa. Fulana yangu ninayo, naivaa nikifua.

Ninachodai hakihitaji sayansi mpya. Kila halmashauri ina kitu kinaitwa ikama: idadi ya watumishi wanaohitajika, waliopo, na pengo. Kuna mstari wa wauguzi. Hospitali zina mapato ya ndani, na kuna zinazoyatumia kuajiri kwa mkataba pale kibali cha serikali kinapochelewa. Kwa hiyo rafiki yangu wa Msamvu angeweza kuwa kazini bila kungoja tangazo la Dodoma. Anayetaka kufadhili afadhili mshahara wa zamu ya usiku kwa miaka miwili, na nembo yake tutaichora kwenye kikombe cha nesi kama ni lazima. Muuguzi aliyejifunza sipapu aachwe palepale, asihamishiwe wodi ya wanaume baada ya miezi sita kwa sababu orodha ya mzunguko imesema hivyo. Namba 115 ya m-mama, ambayo mjamzito au mwenye mtoto mchanga anapiga bure kuombewa usafiri wa dharura, ipatikane kwenye kila bonde. Kutoka mjini tunaiona minara juu ya kilele cha Bondwa, lakini kuna vitongoji upande wa pili wa mlima ambako mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao. Na kitanda cha mama kiingie wodini kabla ya mashine inayofuata.

Wewe unayesoma hapa pengine utafanya kazi kwenye benki, kwenye shirika, kwenye ofisi ya mkoa. Siku moja utawekwa kwenye kamati ya kuandaa kukabidhi kitu. Kabla hamjaagiza fulana, mwombe mganga mfawidhi akuonyeshe ratiba ya zamu ya wodi ya watoto wachanga, karatasi ile inayobandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, na uhesabu majina yaliyo kwenye safu ya usiku.

Mimi nimeshaandika barua kwa hospitali moja kuomba namba hiyo tu, ya miezi mitatu iliyopita, bila majina ya watu. Ofisi ya masijala waligonga muhuri kwenye nakala yangu na kuniambia nisubiri. Hii ni wiki ya saba.